Unaponunua jiwe la kusagia krenki, unanunua na matundu yake

Wiki hii tunaweka kando bei za dukani ili tutazame bei nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti, nayo ni gharama ya jiwe kwa kila krenki linayoisaga. Somo hili linawahusu zaidi wenye karakana za kufufua injini, pamoja na wafanyabiashara wanaowauzia zana.

Mnunuzi wa jiwe la mashine ya kusagia huuliza kwanza, "Lipi gumu?" Anaamini kwamba gumu ndilo litakalodumu. Imani hiyo imewagharimu watu fedha nyingi, na chanzo chake ni kutoelewa jiwe lenyewe limetengenezwaje.

Jiwe la kusagia chuma lina vitu vitatu: punje kali zinazokata, gundi inayozishika, na nafasi tupu kati yake. Gundi ya mawe ya krenki kwa kawaida ni ya kauri, iliyochomwa katika tanuri kama chungu. Tazama karatasi iliyobandikwa ubavuni. Ikiwa imeandikwa A 60 K 8 V, basi A ni punje za oksidi ya alumini, zinazofaa chuma cha pua. 60 ni ukubwa wa punje. K ni nguvu ya gundi. 8 ni uwazi wa jiwe. Na V ni gundi ya kauri. Herufi ya nguvu huanzia A, ambayo ni laini kabisa, hadi Z. Kwa hiyo "ugumu" wa jiwe si ugumu wa punje hata kidogo. Ni jinsi gundi inavyozing'ang'ania.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Punje ikishakuwa butu inatakiwa ing'oke au ivunjike ili makali mapya yajitokeze. Gundi ikiwa na nguvu mno, punje butu hubaki pale pale, uso wa jiwe hung'aa kama kioo, na badala ya kukata huanza kusugua. Kusugua huzaa joto. Katika kusaga kwa mawe haya ya kawaida, sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye krenki, si kwenye chenga zinazoruka.

Maji ya kupozea yana mpaka wake. Eneo la mgusano likizidi nyuzi 120 hadi 130 hivi, maji huchemka na kujenga utando wa mvuke juu ya chuma. Mama yeyote aliyedondoshea tone la maji kwenye kikaango cha moto ameliona tone likicheza bila kutulia. Tone hilo halipozi kitu. Utando huo ukishatokea, joto hupanda ghafla. Ngozi ya krenki hulainika, au ikipita nyuzi 700 na ushee kisha ikapoa haraka, huwa ngumu na yenye kukatika kama kioo, na nyufa ndogo hufuata. Fundi akipitisha jiwe mara moja ya mwisho, rangi ya kuungua hutoweka, na macho hayaoni kitu. Lori huondoka limepona, kisha krenki hukatika barabarani likiwa na mzigo.

Sasa tuhesabu. Jiwe la kauri haliishi sana kwa kusaga. Huishi zaidi kwa kuparuliwa na almasi kila linapong'aa au kuziba. Tuchukue mfano wa kubuni. Jiwe gumu la shilingi 300,000 linaloparuliwa mara kwa mara likaishia krenki 40 limekugharimu shilingi 7,500 kwa krenki moja. Jiwe la wazi la shilingi 420,000 likifikisha krenki 100, gharama ni shilingi 4,200, na hapo hatujahesabu krenki iliyorudishwa na mteja mwenye hasira.

Watengenezaji wanajua thamani ya nafasi tupu. Huchanganya ndani ya udongo vitu vitakavyotoweka kabla ya jiwe kukomaa, kama maganda ya jozi yaliyosagwa au naftalini, ile ile ya vidonge vyeupe tunavyoweka kabatini kufukuza wadudu. Vikitoweka, huacha matundu. Kila tundu hubeba tone la maji hadi mahali penye moto na kutoka na chenga. Namba ya uwazi ikiwa kubwa, matundu ni mengi.

Hata hivyo, usikimbilie jiwe laini kuliko yote. Pembe zake zitaliwa upesi, na pembe ndizo zinazochonga ule mviringo wa kwenye kona ya shingo ya krenki. Kona ikiwa kali, krenki itakatikia hapo hapo. Teremka herufi moja, panda namba ya uwazi moja au mbili, kisha pima.

Jiwe zuri halisaidii kama maji hayaingii. Jiwe la milimita 600 likizunguka mara 955 kwa dakika, uso wake hukimbia mita 30 kwa sekunde na kuvuta upepo unaosukuma maji pembeni. Bomba linalomwaga kwa wingi bila kasi linalowesha sakafu tu. Ili maji yafikie kasi hiyo yanahitaji mgandamizo wa takriban ba 4.5. Mdomo wa bomba wenye upana wa milimita 30 na uwazi wa milimita 1 utatumia kama lita 54 kwa dakika. Kibao cha chuma kilichowekwa karibu kabisa na jiwe, juu ya bomba, hukata ule upepo, na hakina gharama ya kutisha.

Yapo mawe yenye mifereji usoni, nayo hupoza vizuri, lakini yachongwe kiwandani. Anayekata mifereji mwenyewe kwenye jiwe la kauri anatengeneza bomu. Zipo pia punje za CBN, zilizogunduliwa na Robert Wentorf wa General Electric mwaka 1957. Hizo hupitisha joto vizuri na kudumu sana, ila zinataka mashine imara, na mashine nyingi za zamani hazifai.

Angalizo kwa atakayenunua jiwe la wazi: hunywa maji mengi. Jioni funga maji kwanza, acha jiwe lizunguke kavu dakika kadhaa, ndipo uzime mashine. Ukilizima likiwa limelowa, maji hutuama upande wa chini, na asubuhi litaanza kuzunguka likiwa na uzito upande mmoja.