SOMO LETU: USITUPE GOME LA MTI



Tunapotembelea vikundi vya kisomo vijijini, tunaona jambo moja la kusikitisha. Mtu anakata miwati yake, anachoma mkaa, basi. Magome yanabaki shambani yakioza. Tukimwuliza anajibu: "Aa, hayo ni takataka tu." Je, ni kweli? Hebu tujifunze.

GOME NI NINI?

Gome ni nguo ya mti. Tena ni njia ya chakula. Chakula kinachotengenezwa na majani hupita katika gome la ndani mpaka kwenye mizizi. Ukimenya gome kuzunguka mti wote, mizizi itakosa chakula na mti utakauka. Ndiyo sababu miti mingi ya dawa na ya mizinga ya nyuki inakufa porini.

GOME LA URENO

Huko Ureno, nchi ya Ulaya, kuna mti wa jamii ya mwaloni. Gome lake la nje ni nene na jepesi. Wanalitumia kutengeneza vizibo vya chupa za mvinyo. Mafundi humenya gome la nje tu, bila kujeruhi la ndani. Mti haufi. Wanausubiri ufike miaka 25 hivi ndipo waumenye mara ya kwanza. Halafu wanaumenya kila baada ya miaka 9 au zaidi. Vipande vinavyobaki husagwa na kushindiliwa kuwa vibao vya sakafu na kuta. Vumbi lake huchomwa kiwandani badala ya kuni. Hakuna kinachotupwa.

GOME LA KWETU

Mwati si kama mti ule. Ukiumenya wote unakufa. Kwa hiyo tunaukata. Na kwa kuwa tunaukata, basi tutumie kila sehemu yake.

Asili ya mwati ni Australia. Mwaka 1949 kampuni ya TANWAT ilianzishwa Njombe, ambayo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Shabaha ilikuwa kupata tanini. Magome hukatwakatwa na kulowekwa katika maji ya moto. Tanini hutoka, maji hupunguzwa kwa moto, na dawa inayobaki hutengeneza ngozi za viatu na mikoba zisioze. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilianza kuzalisha umeme kwa kuchoma kuni na mabaki ya miti. Taka ikawa taa!

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya kukata, tafuta mnunuzi wa magome. Uliza bei na siku ya kupeleka.
2. Menya mti ukiwa mbichi, siku ile ile ya kukata. Wakati wa mvua gome hubanduka kwa urahisi.
3. Usiache magome yanyeshewe. Tanini huyeyuka katika maji, na gome likiota ukungu halina bei.
4. Shina litoe nguzo, kuni au mkaa. Majani na vijiti yatandaze shambani yawe mbolea. Usiyachome ovyo.
5. Mbegu za mwati zina ganda gumu. Zimwagie maji yaliyochemka, zilale humo usiku mmoja, ndipo upande.
6. Usipande miwati karibu na chemchemi. Inakunywa maji mengi.
7. Soma mizani mwenyewe. Andika kilo na bei katika daftari. Tumejifunza kusoma ili tusipunjwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MANENO MAGUMU

Tanini: dawa iliyomo katika gome, inayozuia ngozi isioze.
Kupunjwa: kupewa pungufu ya haki yako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mti wa Ureno haufi ukimenywa?
2. Mvua inaharibuje magome?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani kinachoitwa taka ambacho kingeweza kuwa mali?