MAELEZO YA WASWASI: SABABU ZAKE NA DAWA YAKE

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad: hili ni somo la kueleza maradhi yaitwayo waswasi, ambayo yamewashika watu wengi wema, na wengi wao huyaficha kwa haya.

FASILI YA KWANZA: WASWASI NI NINI

Mfano wa mwenye waswasi ni mtu wa duka Kariakoo, asikiaye adhana ya adhuhuri akaenda bombani mapema. Huosha mkono mara tatu, akashuku. Akaosha ya nne, hata ya kumi. Wenziwe waliokuja nyuma yake wametawadha, wamesali, wamekwenda zao, naye angali pale pale, kanzu imerowa. Akisimama kusali, huleta takbiri akaikata, akaianza tena, hata imamu akarukuu. Jioni akifunga duka hutazama kufuli, akashika njia ya Posta, kisha akarudi kulitazama tena. Watu wengine humcheka, na wengine humsifu ati ni mcha Mungu sana. Naye moyoni hulia. Yeye mwenyewe ajua ya kuwa mkono umekwisha kutahirika, lakini moyo haumtulii.

Hapo ndipo wanapoachana mwenye hadhari na mwenye waswasi. Mwenye hadhari huhakikisha mara moja akatulia. Mwenye waswasi, kila akihakikisha, shaka humzidi. Basi waswasi si uchaji; ni taabu iliyojivika nguo ya uchaji.

FASILI YA PILI: SABABU ZAKE

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii hawakulipuuza jambo hili. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, aliyekufa mwaka 438 Hijria, alitunga kitabu kizima juu yake. Na wanazuoni wamesema ya kuwa waswasi, juu ya uchochezi wa shetani, una milango miwili ya kuingilia: ujinga wa njia ya sheria, au upungufu katika maumbile ya akili. Hilo la pili ni neno kubwa, kwani lamaanisha ya kuwa huenda mtu akawa na elimu na imani, na bado akashikwa.

Kabla ya hapo Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu cha maslaha ya miili na nafsi, akatia ndani yake mlango mzima wa fikira zinazomrudia mtu bila ya kutaka. Mwaka 2015 wataalamu wawili, Rania Awaad na Sara Ali, walizilinganisha sifa alizozitaja na zile wazitumiazo madaktari wa leo, wakaona zaafikiana sana.

Madaktari wa leo huyahesabu haya kuwa ni maradhi, nayo huwapata watu wa kila dini. Mwenye dini hushikwa katika tohara na sala, na asiyesali hushikwa katika kufuli na uchafu. Maradhi haya huenda katika nasaba, na katika ndugu pacha wafananao kabisa huonekana kwa wote wawili zaidi kuliko pacha wasiofanana. Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenziwe, huko Los Angeles, walipiga picha za ubongo wa wagonjwa kabla ya matibabu na baada yake. Waliopata nafuu, kwa dawa au kwa mazoezi, ilionekana sehemu moja ya ndani ya ubongo wao imepunguza kazi yake iliyokuwa imezidi.

FASILI YA TATU: DAWA YAKE KATIKA SHERIA

Msingi wake ni kanuni hii: yakini haiondoki kwa shaka. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha aliyeshuku udhu wake katika sala asitoke mpaka asikie sauti au aone harufu. Naye akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kadiri ya viganja viwili vilivyojazwa. Kuzidisha juu ya mara tatu ni makuruhu. Na kama maji ni ya wakfu wa msikiti, kuzidisha ni haramu. Mwenye kushuku baada ya kumaliza udhu, shaka yake haimdhuru.

Ama nia, ambayo ndiyo mtego wa wengi, Imamu Nawawi alichagua neno la Imamu al-Haramayn na Ghazali, ya kuwa yatosha nia iwepo pamoja na takbiri kwa ada ya watu. Basi alete takbiri moja na asonge mbele. Na aliyejiwa na fikira mbaya juu ya dini akazichukia, asijione kafiri. Masahaba walishitaki mfano wa hayo, wakaambiwa ya kuwa kule kuchukia ni imani safi.

Ibn Hajar al-Haytami, aliyekufa mwaka 974 Hijria, alipoulizwa dawa, alijibu kuwa ni kuupa mgongo waswasi kabisa, hata kama shaka ingalipo.

FASILI YA NNE: DAWA YAKE KWA MADAKTARI

Mwaka 1966 Victor Meyer, wa London, alitoa khabari za wagonjwa wawili waliopata nafuu kwa kuzuiliwa matendo yao ya kurudiarudia. Njia hiyo ndiyo itumikayo mpaka leo: mgonjwa hukabili kidogo kidogo lile aliogopalo, kisha hujizuia asilifanye lile tendo. Khofu hupanda, halafu hushuka yenyewe. Kwani kila akiosha hupata raha ya kitambo, na raha hiyo ndiyo iufundishao moyo kuwa pasipo kuosha hapana utulivu. Mwenye kutazama ataona ya kuwa mafunzo haya na jawabu la Ibn Hajar ni njia moja.

Ziko na dawa za kumeza, ambazo mara nyingi hutaka wiki nane hata kumi na mbili kabla ya kuonekana nguvu zake, wala haifai kuziacha bila ya idhini ya daktari. Si wote wapoao kabisa, lakini wengi hupata nafuu. Hospitali ya Muhimbili, iliyo Upanga, si mbali na Posta wala Kariakoo, na madaktari wa maradhi ya akili wapo.

TANBIHI

Mwenye waswasi asitawadhe kwa bomba lililo wazi. Ateke maji katika kopo kwa kipimo, yakiisha atoke. Jamaa zake wasimcheke, wala wasimjibu mara kumi ya kuwa udhu wake ni sahihi, kwani hayo huulisha waswasi. Wamjibu mara moja, kisha wanyamaze. Wala wasimkimbize kwa waganga ati ana jini, mali ikapotea na maradhi yakabaki. Mwenyezi Mungu hakuitia uzito dini hii, wala hakumtaka mja asimame bombani hata sala ikampita. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.