Kalamu Zetu Zisiharibike Ghalani na Njiani



Katika kisomo tulijifunza kushika kalamu na kuandika. Leo tuzungumze juu ya kalamu zenyewe, zile zinazochongwa kwa mkono.

Sisi ni kikundi cha wachongaji katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Lindi. Tunachonga kalamu za mpingo na za mwanzi. Tunatoboa tundu kwa keekee, tunatia mrija wa wino, kisha tunaziuza Dar es Salaam.

Kuchonga tunakujua. Kazi iliyotushinda mwanzoni ni kuzitunza zikiwa nyingi. Mtu akichonga kalamu moja, anaitia mfukoni, basi. Akichonga kalamu 1,000 anahitaji ghala, katoni, gari na daftari. Haya tuliyajua baada ya kupata hasara.

MAMBO YALIYOTUPATA

Msimu mmoja tulijaza kalamu katika mifuko ya nailoni. Mifuko tukaiweka sakafuni, imeegemea ukuta. Mvua zikanyesha. Zilipokwisha, tukaifunga mifuko juu ya basi, tukaenda mjini. Jua likawaka kutwa nzima.

Mnunuzi alipofungua mzigo, alitutazama tu. Kalamu nyingine zilikuwa na ukungu. Nyingine zimepasuka. Za mwanzi zilitoa unga mweupe kama wa muhogo. Nyingine wino umevuja, umechafua na za jirani. Alikataa kalamu 210. Kila moja tungeiuza shilingi 2,000. Haya, piga hesabu: 210 mara 2,000 ni shilingi 420,000. Zimekwenda hivyo hivyo.

Hasara ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Sisi tulisema kalamu ni 1,000. Mnunuzi alihesabu 960. Kalamu 40 hazikuonekana!

Tuliporudi kijijini, mwenyekiti alimwita mama mtunza ghala.

"Mama, kalamu 40 zimekwenda wapi?"

"Mwenyekiti, ufunguo ninao mimi, lakini sikuchukua hata moja."

Hatukumsadiki. Mama wa watu akaweka ufunguo mezani, akaenda zake. Wiki nzima hakuja kazini. Watu wakaanza kunong'ona kisimani.

Siku ya nane mzee mmoja wa kikundi alikuja na kifurushi. "Mlinipa kalamu 16 nizipige msasa upya," alisema. "Mbona hamji kuzichukua?" Hapo ndipo tulipokumbuka na nyingine. Mnunuzi alipotutembelea tulimpa kalamu 24 kama sampuli. Jumlisha: 16 na 24 ni 40. Kumbe hakuna aliyeiba! Hakuna aliyeandika.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mama, wote, tukamwomba radhi. Alitusikiliza, kisha akasema: "Nitarudi. Lakini nitarudi na daftari."

Tangu siku hiyo tunafuata mambo haya manne.

1. KAUSHA KWANZA

Mti mbichi una maji ndani. Maji yakitoka haraka, mti hujikunja na kupasuka. Mpingo ni mti mzito, hata huzama majini, nao hukauka polepole. Usiuanike juani. Kata vipande, paka nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili, upange kivulini penye hewa. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha. Nta huyazuia yasitoke kwa haraka.

Utajuaje kuwa vipande vimekauka? Tumia mizani. Pima vipande 20 pamoja, andika uzito. Wiki ijayo pima vile vile. Uzito ukiendelea kupungua, bado. Ukisimama pale pale kwa wiki kadhaa, vimekauka.

Tumia kiini cheusi cha mpingo. Sehemu nyeupe ya nje huliwa na wadudu. Mwanzi nao una utamu unaowavuta wadudu. Uloweke majini wiki kadhaa, ukibadilisha maji, kisha uukaushe kivulini. Utamu ukipungua, wadudu hawaupendi tena.

2. TUNZA GHALANI

Kalamu zina maadui watatu: unyevu, jua na wadudu.

Tengeneza uchaga wa miti, ulioinuka kutoka sakafuni kiasi cha goti. Uache nafasi ya mkono mmoja kati ya uchaga na ukuta. Hivyo hewa hupita, na mchwa wakipanda utaona njia yao mapema.

Usifunge kalamu katika nailoni. Nailoni huzuia unyevu usitoke, na ukungu huota. Tumia katoni kavu au kikapu chenye kifuniko. Kila wiki fungua, tazama, pangusa. Ukiona unga chini ya kalamu, itenge hiyo na jirani zake siku ile ile. Usingoje kesho, maana wadudu watahamia kwenye nyingine.

Mirija ya wino usiitie mapema. Iweke peke yake katika mkebe, mahali pasipo na joto. Tena, kalamu zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka. Kwa hiyo andika tarehe juu ya kila katoni.

3. FUNGA NA SAFIRISHA

Zungushia kila kalamu karatasi safi. Gazeti lisitumike kwa kalamu za mwanzi, kwa kuwa wino wake huchafua. Funga kumi kumi. Mafungu kumi yawe boksi moja, yaani kalamu 100. Hivi ndivyo hesabu inavyokuwa rahisi: ukiona boksi nne, unajua ni kalamu 400, hata bila kufungua.

Jaza nafasi zote kwa karatasi. Kisha litikise boksi karibu na sikio. Likilia, kalamu zinagongana, nazo zitakwaruzana njia nzima. Fungua ujaze tena.

Tuseme kalamu moja ina gramu 25. Kalamu 400 zitakuwa na kilo 10. Mtu mmoja anaweza kubeba katoni hiyo bila kuiangusha. Katoni ikizidi sana uzito, utingo ataitupa chini, nawe huwezi kumlaumu sana.

Usikubali mzigo wa kalamu uwekwe juu ya basi wala karibu na injini. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni safari ya siku nzima. Lipia nafasi katika buti. Dai risiti inayoonyesha idadi ya katoni. Mirija ibebe mkononi, ukaitie katika kalamu huko huko mjini.

Msisahau sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake zinataka kibali kwa anayevuna miti, na hati kwa anayesafirisha mazao ya misitu. Nendeni kwa ofisa misitu kabla ya kukata na kabla ya kupakia. Tena, tangu Januari 2017 mpingo umo katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya nje ya miti na wanyama walio hatarini. Mwaka 2019 mkataba ulirekebishwa. Bidhaa zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo kama mti uliomo katika mzigo mmoja hauzidi kilo 10. Kwa hiyo mnunuzi wa nchi za nje akitaka nyingi, ulizeni kwanza. Mpingo hukua taratibu sana, na tukiumaliza hatutaupata tena maishani mwetu.

4. ANDIKA KATIKA DAFTARI

Hili ndilo kubwa. Daftari la ghala halihitaji elimu ya chuo. Linahitaji mtu anayejua kusoma, kuandika, kujumlisha na kutoa. Hayo sisi tunayo tayari! Tazama mfano huu:

Tarehe 3 Juni. Zimeingia 120. Zimebaki 120.
Tarehe 10 Juni. Zimeingia 80. Zimebaki 200.
Tarehe 12 Juni. Zimetoka 24, sampuli kwa mnunuzi. Zimebaki 176.
Tarehe 15 Juni. Zimetoka 16, kupigwa msasa. Zimebaki 160.

Mbele ya kila mstari watu wawili watie sahihi: anayetoa na anayepokea. Mwisho wa mwezi kikundi kizima kihesabu kalamu zilizo ghalani. Hesabu ya uchaga na hesabu ya daftari lazima zilingane. Zisipolingana, tafuta siku hiyo hiyo, wakati watu bado wanakumbuka.

Mistari miwili tu ya mwisho ingetosha kumwokoa yule mama na aibu ya wiki nzima. Hatukuiandika, ingawa kila mmoja wetu alikuwa na cheti cha kisomo nyumbani. Tena, ndugu msomaji, tulikuwa tumekaa katikati ya kalamu 1,000!

Siku hizi mama huyo bado ndiye mtunza ghala. Hata mwenyekiti akitaka kalamu moja ya kumwonyesha mgeni, huambiwa: "Ndugu mwenyekiti, sahihi kwanza." Naye hutia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kalamu zilizofungwa katika nailoni ziliota ukungu?
2. Kalamu moja ina gramu 20. Kalamu 500 zina kilo ngapi?
3. Ghalani mna kalamu 160. Zikaingia 90, zikatoka 35. Zimebaki ngapi?
4. Je, katika kikundi chenu kuna mali inayotoka bila kuandikwa? Nani atalaumiwa ikipotea?