Nyota Yenye Mkia na Mlango wa Safina

Somo: Mathayo 24:36–44, Luka 14:15–24, 2 Wathesalonike 2:1–3 na 3:6–12

Wiki hii sina mahubiri ya vichwa vitatu. Nina maswali yaliyotoka kwenu, na ninayajibu kwa maandishi kwa sababu yalipoulizwa ilikuwa usiku na nusu ya watu walikuwa wameshatoka mbio kuwahi feri.

Ijumaa iliyopita vijana waliweka projekta ukumbini tukatazama filamu ya Greenland, iliyotoka mwaka 2020. Kuna waliouliza kanisa limeanza lini kuonyesha sinema. Jibu langu ni fupi: vijana wetu wanazitazama hata hivyo, kwenye simu, ndani ya shuka. Afadhali tutazame pamoja, kisha taa ziwashwe tuongee.

Kwa ambaye hakuwepo, hadithi ni hii. Nyota yenye mkia, ambayo wameipa jina Clarke, inakuja upande wa dunia. Mwanzo runinga zinasema itapita tu, na watu wanaalikana nyumbani kuitazama kama vile mechi. Mara vipande vinaanza kuanguka na mji mzima unateketea. Baba mmoja wa Atlanta, mhandisi wa majengo, anapata ujumbe wa serikali: wewe, mkeo na mtoto wenu mmechaguliwa, njooni kambi ya ndege mpelekwe mahandakini. Majirani waliokaa nao sebuleni muda huohuo hawakupata ujumbe wowote. Jirani mmoja anakimbilia gari lao akiwasihi wamchukue binti yake tu, yeye abaki. Wanaondoka bila huyo mtoto.

Maoni yalikuwa mengi. Vijana wa Changamwe walisema Armageddon ya 1998 ilikuwa na vishindo zaidi, na kwamba hii ingenoga kama ingesimuliwa na DJ Afro. Sawa, hilo siwezi kubishana nao. Mzee mmoja wa Mtongwe alimpenda babu wa yule mtoto, ambaye anaambiwa akimbie naye anakataa, anabaki nyumbani kwake. "Huyo ndiye aliyeelewa," mzee akasema. Nikamwuliza ameelewa nini. Akasema mwaka 1994, tarehe 29 Aprili, feri ya MV Mtongwe ilizama karibu kabisa na ufuo, watu zaidi ya 270 wakafa, wengi wao wakienda kazini asubuhi, na hakuna aliyewatumia ujumbe wa simu. Ukumbi ukanyamaza. Wengine pale wana majina ya ndugu zao katika habari hiyo. Yesu aliposema watu watakuwa wanakula na kuoa kama siku za Nuhu, hakuwa akilaumu chakula wala harusi. Alikuwa anasema siku yenyewe inaingia katikati ya siku za kawaida. Ndiyo maana hata malaika hawajaambiwa saa.

Sasa nije kwa mama mmoja wa Kisauni, kwa maana yeye ndiye aliyenifanya niandike somo hili.

Katika filamu, mtoto wa ile familia ana ugonjwa wa sukari. Wanapofika kambini, wakiwa na karatasi zote, wanaambiwa wagonjwa wa kudumu hawapandi ndege. Serikali inachagua wenye afya na wenye ujuzi, wengine wabaki. Mama huyu alilia kwa sauti. Taa zilipowashwa akasema anaye mtoto wa miaka tisa anayedungwa insulini kila siku, na kwamba mpendwa mmoja katika Bwana, hakumtaja jina nami sikumwuliza, amemwambia ile dawa inamzuia Mungu asimponye mtoto. Kwamba tukiingia kwenye mfungo mwezi ujao, aiache kama hatua ya imani. Akauliza, "Mchungaji, mimi mwanangu yuko kwenye orodha ama hayuko?"

Mama, na wote mnaosoma, nijibu bila kuzunguka. Mtoto asiache insulini. Asifunge. Mtoto mwenye sukari ya aina hiyo akikosa dawa anaweza kufa katika siku chache, na hapo si imani iliyopimwa. Kabla ya mwaka 1922, alipodungwa mgonjwa wa kwanza huko Toronto, kijana wa miaka 14, watoto kama yeye walikuwa wakipunguziwa chakula hadi wabaki mifupa, wapate tu miezi kadhaa zaidi. Nasema dawa ile ni rehema, na rehema ina mwenyewe.

Mtu akikubishia, mpeleke 2 Wafalme 20. Mungu mwenyewe alishamwahidi Hezekia kwamba atapona, tena alimpa na hesabu ya miaka. Ahadi ilikuwa tayari mkononi. Bado Isaya akaagiza waletewe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, mfalme akapona. Je, Isaya alikosa imani? Mbona hakusema tini zitazuia uponyaji? Tunaombea wagonjwa katika kanisa hili na tutaendelea kuwaombea, na nimeona Mungu akiponya. Daktari akipima akasema dawa ipunguzwe, tutaruka na kushangilia pamoja. Lakini uamuzi huo usitoke kwa mtu aliyeota ndoto.

Na kuhusu orodha: soma Luka 14. Wenye mashamba, wenye ng'ombe na wenye harusi walipotoa udhuru, mwenye karamu aliagiza waletwe maskini, vilema na vipofu. Wale ambao kambi ya ndege ingewarudisha getini ndio waliotangulia kukaa mezani. Filamu imesema kweli juu ya serikali za wanadamu. Zikibanwa zinahesabu nani ana faida. Ufalme hauhesabu hivyo. Ila nasi tujiangalie. Kiti cha magurudumu kinapandaje ngazi zetu za mlangoni? Wazee wa kanisa nimeshawauliza hilo, nangoja jibu.

Kuna jambo jingine la filamu lililozungumzwa. Mume na mke fulani wanawapa lifti yule mama na mtoto, halafu wanamwiba mtoto pamoja na kitambulisho chake cha mkononi, ili waingie kambini kwa jina lake. Dada mmoja alisema hao ni wale wanawali watano wa Mathayo 25. Nimependa, ingawa wanawali wale waliomba mafuta, hawakuiba. Kwa vyovyote, wokovu wa kuazima haupitishwi mlangoni.

Swali la mwisho liliulizwa na kijana aliyekaa nyuma kabisa. Alisema, "Kama mwisho umekaribia hivi, mbona nilipe karo ya chuo?" Watu wakacheka. Baadaye nikaongea naye nje, nikakuta hakuwa anatania. Amekaa nyumbani wiki tatu. Kuna ujumbe aliotumiwa kwenye simu, wenye picha ya nyota ya mkia na mistari ya Ufunuo 8, ile nyota iitwayo Pakanga, na mwaka umetajwa.

Jamani, sisi watu wa Pwani tusiseme hatujui haya yanaishia wapi. Mwezi Machi 1997 huko California watu 39 walijiua wakiamini kuna chombo kinachofuata nyuma ya nyota ya mkia ya Hale-Bopp kuja kuwachukua. Tukasema, hao ni Wazungu. Aprili 2023 polisi wakaanza kufukua makaburi Shakahola, saa chache tu kutoka hapa, na miili ikapita 400, watoto wakiwemo. Mhubiri aliyeshtakiwa amekana mashtaka, na mahakama ina kazi yake. Lakini habari waliyosimulia walionusurika inajulikana: acheni shule, acheni hospitali, fungeni, mwisho umefika. Haikuanza na makaburi. Ilianza na mtu mmoja kukaa nyumbani asiende darasani.

Na Biblia ililiona hili mapema. Wathesalonike walikuwa wamepokea barua iliyodaiwa kuwa ya Paulo, ikisema siku ya Bwana imeshafika. Barua ya kughushi! Ni kama ujumbe wa kusambaziwa kwenye simu, tofauti ni wino. Paulo akawaambia wasitikisike upesi, na sura ya tatu akawageukia walioacha kazi wakawa wanazungukazunguka kwa watu, akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe. Aliyeandika hivyo alikuwa anamngojea Yesu kuliko sisi sote.

Niwaonye na mengine mapema. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Nilitumiwa picha yake mara tatu kabla ya chakula cha mchana, mojawapo ikiwa na neno ISHARA kwa herufi kubwa. Shirika la Anga la Kenya likaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Na Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, mwamba wa angani uitwao Apophis, wenye upana wa zaidi ya mita 300, utapita karibu nasi, kama kilomita 32,000 juu ya ardhi. Huku Afrika utaonekana kwa macho matupu mbingu zikiwa wazi. Wataalamu wameupima miaka mingi na wamesema hautatugonga, si siku hiyo wala kwa miaka 100 inayokuja. Lakini nawahakikishia, kuna mtu atasimama na kipaza sauti aseme vingine, pengine na namba ya kutuma sadaka. Mkate ukurasa huu muuweke ndani ya Biblia hadi siku hiyo. Mimi nitatoka nje na wanangu tuutazame.

Yesu aliposema katika Luka 21 tuinue vichwa vyetu, alikuwa akiwaambia watu walioogopa ishara za jua na mwezi. Mwenye kuogopa huinama.

Vikundi vya nyumbani, Jumatano hii someni 2 Wathesalonike yote, ni sura tatu tu. Walio na ujumbe kama ule wa kijana wetu waje nao tuusome pamoja hadharani. Kijana amekubali kurudi chuoni Jumatatu. Kamati ya vijana inachangisha karo ya muhula uliobaki, muoneni mweka hazina wao baada ya ibada. Na yule mama wa Kisauni friji yake imeharibika, nayo insulini inahitaji baridi. Mwenye friji ya ziada, au fundi, anipigie leo.