Kuhamisha Maktaba ya Picha, Video na Muziki kwenda Diski ya Nje

Watumiaji wengi wa huduma za mawasiliano hawana tena albamu ya karatasi nyumbani. Picha za harusi, za mahafali na za mazishi, rekodi za kwaya na kaswida, video za watoto walipoanza kutembea, vyote vimo ndani ya simu janja au kompyuta mpakato. Siku kompyuta inapoonya kwamba nafasi imekwisha, mtumiaji hununua diski ya nje, huhamishia humo kila kitu, kisha hufuta kilichobaki kwenye kompyuta. Kazi hiyo huonekana nyepesi kama kuhamisha nguo kutoka sanduku moja kwenda jingine. Hata hivyo, nguo ikidondoka njiani huonekana. Faili iliyoharibika njiani huweza kukaa miaka mitatu pasipo mtu kujua, ikiwa na jina lake kamili, mpaka siku mwenyewe anapotaka kuifungua.

Katika somo hili tunaeleza namna ya kufanya uhamisho huo bila kupoteza kitu. Hatua zote zinategemea kanuni moja: faili ya asili haifutwi mpaka nakala yake iwe imekaguliwa, na nakala ya pili iwe imewekwa mahali pengine.

Kabla ya kununua

Anza kwa kupima. Angalia ukubwa wa folda ya picha, ya video na ya muziki, kisha ujumlishe. Tuseme jumla ni gigabaiti 380. Diski ya gigabaiti 500 itatosha leo, lakini maktaba za namna hii hukua kila sherehe inapopita, hivyo tungeshauri diski ya terabaiti 1 au zaidi.

Diski hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows itasomeka kuwa na gigabaiti 931 hivi. Mnunuzi hajapunjwa. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, yaani terabaiti 1 ni baiti 1,000,000,000,000, ilhali Windows huigawa idadi hiyohiyo kwa 1,024 katika kila hatua. Kompyuta za Mac huhesabu kama mtengenezaji, ndiyo maana diski ileile huonekana kubwa zaidi huko.

Udanganyifu wenyewe uko kwingine. Madukani na katika kurasa za mauzo mtandaoni zipo diski zinazotangazwa kuwa na terabaiti 16 au hata 30 kwa bei isiyofikia ile ya diski halali ya terabaiti 1. Ndani ya kasha huwamo kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti chache, na programu inayoiendesha imebadilishwa ili iiambie kompyuta uongo. Ubaya wa bidhaa hii ni kwamba haigomi. Unakili huendelea hadi mwisho na majina ya faili zote huonekana, lakini data iliyozidi uwezo halisi huwa imeandikwa juu ya ile iliyotangulia, au haikuandikwa popote. Mtumiaji anayefuta faili za asili siku hiyohiyo huwa amezipoteza kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo jaribu diski mpya kabla ya kuiamini. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux huijaza diski data ya majaribio kisha huisoma tena na kueleza uwezo wake wa kweli. Jaribio hilo huchukua saa kadhaa, na kwa diski kubwa linaweza kuchukua usiku kucha. Lifanye diski ikiwa bado tupu, katika siku ambazo muuzaji bado analazimika kuipokea akirudishiwa. Dai risiti ya EFD inayotaja aina na ukubwa wa diski. Risiti iliyoandikwa “vifaa vya kompyuta” peke yake haitakusaidia sana wakati wa kudai haki yako. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Kuandaa diski

Kila diski hupangwa kwa mfumo fulani wa kuhifadhi faili, na mfumo huo ndio unaoamua ni vifaa gani vitaweza kuisoma. FAT32 husomwa karibu na kila kifaa, zikiwemo runinga na redio za magari, lakini haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Video ya harusi ya saa tatu hukwama hapo, na mtumiaji huambiwa kwamba faili ni kubwa mno ingawa diski ina nafasi tele. NTFS ni ya Windows. Kompyuta ya Mac huisoma lakini, bila programu ya ziada, haiwezi kuandika humo. Kwa diski itakayotumika kwenye kompyuta za aina zote mbili, exFAT inafaa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haivumilii kuchomolewa ghafla, kwa kuwa haitunzi kumbukumbu ya mabadiliko ambayo NTFS huitumia kujirekebisha.

Kubadili mfumo, yaani kufomati, hufuta kila kilichomo. Hatua hii hufanywa diski ikiwa tupu, kabla ya faili ya kwanza kuingia.

Kunakili, si kukata

Unapokata faili na kuibandika ndani ya diski ileile, kompyuta hubadilisha anwani tu na kazi huisha mara moja. Ukikata kutoka diski moja na kubandika kwenye nyingine, kompyuta hunakili kwanza kisha hufuta asili, faili baada ya faili. Umeme ukikatika katikati, au waya ukilegea kwa sababu mtoto amepita mezani, baadhi ya faili zitakuwa huku, nyingine kule, na moja itakuwa nusu. Nakili. Kufuta kuna wakati wake.

Muda wa kazi hutegemea sana waya na tundu. USB 2.0, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za zamani, kwa kawaida hupitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde. Gigabaiti 380 zitachukua saa tatu na nusu. Kwa USB 3.0 na diski ya kuzunguka inayopokea megabaiti 100 kwa sekunde, kazi ileile huchukua saa moja na dakika chache. Tundu la USB 3.0 mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani. Picha ndogondogo nyingi huchukua muda mrefu kuliko video chache zenye ukubwa uleule kwa jumla, hivyo usishtuke kasi ikishuka. Hakikisha kompyuta ina chaji na imechomekwa kwenye umeme, zuia isilale yenyewe, na gawa kazi kwa mafungu: mwaka 2019 kwanza, kisha 2020, na kuendelea. Fungu likikwama, utajua ni lipi la kurudia.

Baada ya kila fungu, linganisha. Idadi ya faili na jumla ya baiti za folda ya asili ziwe sawasawa na za nakala. Kwenye Windows soma mstari wa ukubwa wa faili zenyewe, si ule wa nafasi zinazochukua kwenye diski, kwa kuwa huo wa pili hutofautiana kutoka diski moja hadi nyingine pasipo kosa lolote. Kisha fungua faili kadhaa kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa fungu. Video irushe hadi dakika zake za mwisho. Idadi kuwa sawa haithibitishi kwamba yaliyomo ni yaleyale. Kwa faili zisizoweza kupatikana tena, tunashauri kulinganisha alama ya SHA-256, ambayo hukokotolewa kutokana na kila baiti ya faili. Amri ya certutil kwenye Windows na ya shasum kwenye Mac huitoa bila malipo, na baiti moja ikibadilika, alama yote hubadilika.

Maktaba zenye orodha yake

Programu za kupanga muziki na picha, kama iTunes na Lightroom, hutunza orodha ya mahali kila faili ilipo. Orodha hiyo ndiyo yenye majina ya albamu, nyota ulizoweka, marekebisho ya rangi na mpangilio uliokugharimu miezi. Ukihamisha faili kwa mkono, programu huendelea kuzitafuta kwenye anwani ya zamani, na wimbo huonyesha alama ya mshangao ingawa upo salama kwenye diski. Hamisha kwa kutumia programu yenyewe. Kwenye iTunes, badilisha kwanza folda ya maktaba katika mipangilio, kisha tumia amri ya kukusanya faili zote mahali pamoja. Kwenye Lightroom, buruta folda ndani ya programu, na fanya hivyo baada tu ya kuwa na nakala nyingine iliyokaguliwa, kwa kuwa programu huziondoa faili mahali zilipokuwa. Maktaba ya programu ya Photos kwenye Mac hunakiliwa nzima kama kitu kimoja, katika diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa Apple, wala si exFAT.

Watumiaji wa Windows wanakutana na usumbufu mwingine mdogo. Herufi ya diski ya nje, tuseme E, inaweza kuwa F siku ambayo flashi nyingine imechomekwa kwanza, na orodha yote ikaonekana kupotea. Ipe diski herufi ya kudumu iliyo mbali na mwanzo wa alfabeti, na tatizo halitarudi.

Kilichomo kwenye wingu, na kisicho chako

Picha inayoonekana kwenye simu si lazima iwe ndani ya simu. iPhone iliyowekwa kubana nafasi hubaki na nakala ndogo, na ile kamili huwa iCloud. OneDrive nayo huonyesha majina ya faili ambazo hazijapakuliwa. Pakua kwanza faili kamili, ndipo unakili. Tangu tarehe 1 Juni 2021 Google Photos haihifadhi tena picha bila kikomo cha bure, na wengi wanaohama huko hutumia huduma ya Google Takeout. Wajue kwamba tarehe na maelezo ya picha huweza kuja katika faili ndogo za pembeni. Wasizifute wakidhani ni takataka.

Hapa pana gharama ambayo hutajwa mara chache. Kupakua gigabaiti 100 kwa kifurushi cha simu si jambo dogo. Soma ukubwa unaohitajika kabla ya kuanza, linganisha na kiasi cha kifurushi na muda wake wa kuisha, na zima upakuaji wa kujiendesha. Kifurushi kikiisha usiku ukiwa umelala, data inaweza kuendelea kukatwa kwenye salio la kawaida ikiwa umeruhusu hivyo.

Nyimbo na filamu ulizopakua ndani ya Spotify, Netflix au Boomplay zimefungwa kwa ufunguo wa programu hizo. Ukizinakili kwenye diski hazitachezwa, na usajili ukikoma hutabaki na kitu. Malipo yale ni ya kusikiliza na kutazama kwa muda.

Diski ikishajaa

Diski ya nje ikishakuwa mahali pekee palipo na picha zako, imeacha kuwa akiba. Imekuwa asili, nayo inaweza kuanguka, kuibwa au kulowana. Diski ya kuzunguka huumizwa na anguko la mezani, hasa ikiwa inafanya kazi. Ile ya SSD huvumilia anguko, lakini haifai kusahauliwa kabatini miaka mingi bila umeme. Weka nakala ya pili katika diski nyingine, nyumbani kwa ndugu au ofisini, pasiwe chumba kimoja na ya kwanza. Gharama ikiwa kubwa, chagua: filamu zinaweza kupatikana tena, sauti ya marehemu bibi haipatikani.

Diski hiyo hubeba pia vitambulisho vilivyopigwa picha, vyeti na hati za viwanja. Ifunge kwa nywila, na uandike ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi iliyo mahali tofauti, kwa kuwa ukiupoteza na kuisahau nywila hakuna fundi atakayekufungulia. Ikibidi kuipeleka kwa fundi, kubaliana naye kwa maandishi kuhusu kile anachoruhusiwa kunakili. Picha na hati zako ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kazi ya ukarabati haimpi mtu ruhusa ya kubaki nazo.

Faili za asili kwenye kompyuta ziache mwezi mzima baada ya ukaguzi. Katika mwezi huo itumie diski kama kawaida: cheza muziki kutoka humo, onyesha picha kwenye runinga, ichomoe kwa utaratibu na uichomeke tena kwenye kompyuta nyingine. Mwezi ukipita bila hitilafu, na nakala ya pili ikiwa imekwishafika inakokwenda, futa fungu moja moja, ukianza na la zamani zaidi.