Mwambie Mwalimu wa Mazoezi Unaumwa Nini

Kabla ya yote

Mwambie mwalimu wako wa mazoezi unaumwa nini. Presha, sukari, pumu, moyo, mgongo, ujauzito, operesheni ya juzijuzi: mwambie siku ya kwanza, kabla hujagusa chuma. Wengi tunaowapokea kwenye kituo cha afya baada ya kuzidiwa mazoezini wana maradhi wanayoyajua wenyewe. Dawa wanazo nyumbani. Mwalimu tu ndiye aliyefichwa, kwa aibu ya kuonekana mgonjwa mbele ya vijana.

Tazama madhara ya kuficha yanavyotokea. Mtu wa sukari kachoma sindano yake asubuhi, hakula kitu ili kitambi kipungue haraka, akaenda kuruka kamba. Jasho likamtoka, mikono ikaanza kutetemeka. Mwalimu kuona jasho akafurahi, akampigia makofi: "Kaza, bado kumi!" Kumbe sukari inashuka. Mwalimu anayejua angemsimamisha pale pale na kumpa soda yenye sukari. Huyu hakujua, kwa sababu hakuambiwa.

Pima presha

Nenda zahanati, keti utulie dakika tano, ndipo upimwe. Ukikutwa na 140/90 au zaidi, zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kuanza. Ikiwa 180/110 au zaidi, mazoezi yasubiri, tiba kwanza. Na usiache dawa ati kwa kuwa sasa unakimbia. Halafu zipo dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo. Mwalimu anayekupima kwa mapigo atadhani bado una nguvu, azidi kukusukuma. Mwambie unatumia dawa gani. Hujui jina? Mpelekee pakiti.

Kupanga ratiba

Ratiba nzuri ni ile utakayoiweza hata wiki yenye msiba. Mweleze mwalimu unatoka kazini saa ngapi, watoto wanabaki na nani, nauli unayo ya siku ngapi. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na siku mbili za kuimarisha misuli. Hapo unafika, huanzii hapo. Uliyekaa miaka bila mazoezi, anza na kutembea dakika 10, uongeze kidogo kidogo. Kipimo ni hiki: uweze kuongea, ila kuimba ushindwe.

Maharusi watarajiwa mnaotaka kupungua kabla ya harusi, nawaomba msiharakishe. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Anayekuahidi kilo kumi kwa wiki tatu anataka hela yako tu.

Kubana pumzi

Usibane pumzi unaponyanyua chuma. Presha hupanda ghafla.

Sindano za kujaza misuli

Usichome.

Acha mara moja

Kifua kikibana au kuuma, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya. Pumzi ikikata na isirudi ukipumzika. Kizunguzungu, macho kuingia giza, moyo kwenda mbio bila mpangilio. Mjamzito akiona damu au maji yakimtoka. Usimalizie "seti ya mwisho". Usiende kulala kwanza. Nenda hospitali, na usiende peke yako. Na hili watu hulidharau: ukifanya mazoezi mazito usiyoyazoea, kesho yake misuli ikaumwa kupita kiasi, ikavimba, na mkojo ukawa mweusi kama soda ya kola, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Figo ziko hatarini.

Wenye sukari

Vaa viatu vinavyokutosha, na kagua nyayo ukirudi. Wanaochoma sindano au kumeza vidonge vinavyoweza kuishusha sukari sana, msifanye mazoezi na njaa. Beba kitu kitamu. Na mwalimu ajue kimewekwa wapi.

Mwalimu asiyeuliza

Wapo wasiouliza. Mwambie hivyo hivyo. Akicheka, au akisema ugonjwa uko kichwani mwako, tafuta mwingine. Mnaokimbia na vikundi vya mtaani Jumamosi alfajiri, mwambieni kiongozi wenu. Hamna mwalimu, lakini magonjwa mnayo.

Leo usiku chukua karatasi. Andika jina lako, unaumwa nini, unatumia dawa gani, na simu ya ndugu wa karibu. Nakala moja mpe mwalimu wako, nyingine itie kwenye begi la mazoezi.