Kabla hujaipenda bustani, soma mihtasari ya vikao

Bodi imetukubali na ufunguo uko mfukoni, kwa hiyo sasa naweza kusema. Ndugu wengi wa kundi letu la WhatsApp wameniomba niandike hatua kwa hatua jinsi ya kununua fleti ya ushirika hapa New York. Hatua nitazitaja, ila moja imekula nafasi ya nyingine zote, mtanisamehe.

Tulitaka Jackson Heights, Queens, na si penginepo. Mtaa huu ulijengwa na Queensboro Corporation chini ya Edward MacDougall, iliyonunua mashamba na kuyageuza kuwa maghorofa ya matofali yanayozunguka bustani ndefu zilizojificha ndani. Treni ya juu ilipofika mwaka 1917 watu wa Manhattan wakaanza kuhamia, na haukupita muda fleti zikaanza kuuzwa kwa mtindo wa ushirika. Hazikuuziwa kila mtu: Wayahudi na watu weusi walifungiwa mlango. Leo ukishuka kituo cha mtaa wa 74 unakutana na maduka ya sari, momo za Wanepali na arepa za Wakolombia, nami mtoto wa Tanga nabembelezwa na dalali nije nione sebule. MacDougall angezimia. Hilo peke yake lilinizidishia hamu ya kununua.

Kwa asiyejua, kwenye ushirika hununui kuta. Ni kama SACCOS yenye ghorofa: unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, na hisa hizo zinakupa mkataba wa kukaa kwenye fleti fulani. Hati ya nyumba kwa jina lako haipo. Kila mwezi unalipa tozo inayobeba kodi ya jengo, mvuke wa kupasha joto, mishahara ya wafanyakazi na mara nyingi deni ambalo jengo lenyewe linadaiwa na benki. Ukinunua fleti, basi, umenunua pia shida za paa, boila na mabomba.

Dalali wa muuzaji wetu hakuligusa hilo kabisa. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa, na kila nilipouliza habari za mabomba alinirudisha kwenye sakafu ya mwaloni. Sakafu ni nzuri, sikatai. Dari liko juu, kuta nene, dirisha la jikoni linatazama miti. Waliojenga nyumba hizi kabla ya Vita Kuu ya Pili hawakuwa wabahili wa lipu. Lakini bafu lilikuwa na rangi mbichi, na vyumba vingine havijaonja brashi miaka mingi. Nikamuuliza kulikoni. "Ili mfurahie," akasema. Mtu anayehama hapaki bafu rangi ili mimi nifurahie.

Sasa ndiyo hatua yenyewe. Kila ushirika una mihtasari ya vikao vya bodi, na kabla ya kusaini mkataba wakili wako huisoma, ya miaka miwili mitatu ya karibuni. Kawaida anakuletea aya moja: hakuna kesi, hakuna mchango mkubwa uliopitishwa, endelea. Msikubali aya moja. Mimi nilimwambia wakili twende wote kwenye ofisi ya kampuni inayosimamia jengo. Akaguna, lakini akaenda. Tukapewa jalada nene la kijani na kiti kimoja.

Mihtasari ukiisoma kama gazeti utasinzia. Bodi inajadili baiskeli ukumbini, mbwa wa nani kabweka, taa za bustani ziwe rangi gani. Na hakuna katibu wa bodi atakayeandika kwamba jengo linaoza. Ataandika fleti fulani imelalamika maji, fundi katumwa, jambo limefungwa. Kikao kinachofuata fleti nyingine, fundi katumwa, limefungwa. Kila tukio limesimama peke yake, na wakili, ambaye kazi yake ni kutafuta kesi na madeni, anapita.

Nikachukua karatasi nikachora jengo. Mistari ya kulala ni sakafu, kuanzia ya kwanza hadi ya sita. Ya kusimama ni herufi za fleti, A mpaka H. Halafu nikaanza kusoma, na kila penye maji, unyevu, dari au lipu nikatia nukta kwenye kisanduku cha fleti iliyotajwa. Paa likivuja, nukta zitajaa juu. Ukuta wa nje ukipitisha mvua, zitakaa pembeni. Zangu zilijipanga chini ya herufi D: 5D, 3D, 2D, tena 5D, tena 3D. Sisi tulikuwa tunanunua 4D. Ajabu, yenyewe haikuwa na nukta hata moja. Muuzaji hakuwahi kulalamika, alipaka rangi.

Kinachowaunganisha watu wa herufi moja ni bomba linalopanda ndani ya ukuta wa mabafu yao, mara nyingi lilelile la tangu jengo lisimame. Siku likibadilishwa, ukuta unabomolewa sakafu zote. Kwa mikataba mingi ya ushirika, bomba la ndani ya ukuta hulipwa na jengo, na ukuta hurudishwa mtupu. Vigae vyako vizuri ni juu yako.

Nikaomba kuiona fleti tena. Nikapanda kwenye ukingo wa beseni na kugonga dari la bafu kwa kifundo cha kidole. Lipu ya zamani ni nzito, haiitiki. Nilipofika kona iliyo juu ya choo, likaitika: kipande cha jipsamu, kimezibwa na kupakwa rangi. Dalali akaanza tena habari za mwaloni. Nikamwonyesha karatasi yangu, akanyamaza, akatoka ukumbini kupiga simu. Bei ikashuka kiasi cha kutosha bafu jipya. Mama watoto anasema nilitabasamu hadi kituo cha treni, na anasema kweli. Wakili aliomba nakala ya mchoro, na ankara yake ilipokuja, muda aliokaa akinitazama natia nukta ulikuwa umehesabiwa.

Zilizobaki ni nyepesi. Faili la bodi: ritani za kodi, taarifa za benki, barua za watu wa kukusifia. Tengenezeni mapema. Bodi inaweza kukukataa bila kutoa sababu, ilimradi isikubague kinyume cha sheria, kwa hiyo kwenye usaili jibuni mlichoulizwa na mwende nyumbani. Mkitaka kubadilisha madirisha, sehemu kubwa ya mtaa imehifadhiwa kama eneo la kihistoria tangu 1993, na lazima mpate kibali cha tume ya jiji ya majengo ya kale. Rejeta za mvuke zenye bomba moja hazina katikati: valvu ifunguliwe yote au ifungwe yote, la sivyo itawagongea usiku kucha.

Na pimeni lifti. Lifti za majengo haya ni ndogo mno. Muuza sofa mmoja wa Northern Boulevard aliniapia kwamba amepeleka makochi kwenye majengo haya miaka yote na hakuna lililokwama. Letu lilikwama mlangoni mwa lifti, ngazi zikalikataa kwenye kona ya kwanza, na muuzaji hapokei simu zangu. Sasa liko kwa shemeji yangu Bronx, naye ameshalivalisha kitambaa kipya.